Tumbo la Herufi P

Daktari Irine alipoibandika picha ya kifua changu kwenye kibao cha taa, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mbavu, nikaudhika. Mimi Skolastika, ninayepika mtori wa ndizi na nyama wa kuwashibisha mafundi wa magari wa Sakina nzima, kumbe ndani nina mbavu za mbuzi wa kiangazi! Nilimgeukia mume wangu Ndesanjo nimtanie, lakini yeye hakuwa anaangalia mbavu. Alikuwa anaangalia ncha ya kalamu ya daktari, iliyosimama juu ya kitu cheupe cha mviringo, kidogo kama punje ya mbaazi.

"Mama Jackline," daktari alisema, "hiki sikipendi. Na bado sijui ni nini."

Sasa, hilo ni neno gani la kumwambia mtu? Mtu anakwenda kwa daktari ili aambiwe ni nini. Mimi nilikuwa nimekwenda na kikohozi tu, kikohozi kilichoanza na zile mvua za Elnino, mvua zikaondoka zenyewe na kuniachia. Makohozi yalishapimwa, TB hakuna. Nilitegemea nipewe dawa ya maji nirudi kwenye sufuria zangu kabla mafundi hawajaanza kugonga sahani. Badala yake nikaambiwa pafu langu la kulia lina kinundu. Kinaweza kuwa kovu la ugonjwa wa zamani, kinaweza kuwa kinyama kisicho na madhara, na kinaweza kuwa saratani. Aliyataja yote matatu kwa sauti ile ile, ila masikio yangu yalichukua la mwisho tu yakafunga mlango.

Niliogopa. Sina haja ya kuficha. Mdomo wangu, ambao Ndesanjo husema haujawahi kupumzika tangu tuoane, ulinyamaza.

"Eksirei inaona kivuli tu," daktari alieleza. "Kuna mashine ya sitiskani. Inapiga picha kwa vipande vyembamba, kama mtu anavyokata mkate, halafu tunatazama kila kipande ndani kuna nini. Hapa Arusha haipo. Ya karibu iko Nairobi."

Mabasi ya Nairobi hupita mbele ya banda langu la chakula kila siku, yananimwagia vumbi kwenye mtori, na sikuwahi kutamani kupanda hata moja. Wiki ile nikapanda. Ndesanjo alikaa dirishani, na hapo ndipo nilipojua kwamba naye ana hofu. Mume wangu ni fundi wa maandishi pale Ngarenaro. Tangu serikali iruhusu kila mtu afanye biashara yake, kila mtu ametaka jina lake ukutani: duka, saluni, bucha, Haisi za abiria, hata zahanati ya daktari Irine mwenyewe. Yeye ndiye anayeyaandika. Ukisafiri naye, hasomi bango, analikosoa. Atakwambia S ile imelewa, M ile imekaa kama mtu anayetafuta choo, na safari inaisha ukicheka. Siku ile tulipita mabango yote ya Namanga mpaka Nairobi na hakusema neno.

Mashine yenyewe ilikuwa tundu kubwa la duara, kama tairi la trekta lililosimamishwa, na kitanda chembamba kinachokusukuma katikati yake. Kijana aliyeiendesha alikuwa nyuma ya kioo, sauti yake ikitokea juu kwenye spika.

"Mama, vuta pumzi. Shikilia hapo. Usipumue."

Nikashikilia. Kitu kikavuma kuzunguka kifua changu.

"Haya, sasa pumua."

Akanirudisha tena, na tena, kipande kwa kipande, hadi nikaona kupumua kwangu kumekuwa jambo la kuombewa ruhusa. Na kila nilipoambiwa nishikilie, kikohozi kilikuja kikasimama kooni. Nilikuwa nawaza kwamba nikikohoa picha itatikisika, ikitikisika wataona vibaya, wakiona vibaya nimekwisha. Nilibana mpaka machozi yakanitoka pembeni yakaingia masikioni. Nilipoteremka kitandani kijana alinipa kitambaa na kuniambia nimefanya vizuri sana. Nilitaka kumuuliza ameona nini. Sikuthubutu.

Tulirudi na bahasha kubwa ya filamu na karatasi ya maelezo ya Kiingereza. Ndesanjo aliibeba kifuani njia nzima, wala hakutaka kuiweka juu kwenye mizigo.

Daktari Irine alisoma karatasi kwanza, halafu akazibandika filamu moja moja. Kifua changu kilikuwa kimekatwakatwa kama kitunguu, kila kipande na duara lake. Alikitafuta kile kitu, akakipata, akakiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kingo zake ni laini, hilo zuri," alisema. "Saratani mara nyingi kingo zake zina kama miiba. Na ndani kuna chokaa. Hilo nalo zuri."

"Chokaa? Ya kupaka ukuta?"

"Karibu na hiyo, mama. Mwili huiweka mahali penye jeraha la zamani."

"Basi ni maji yetu haya ya Arusha, yanayotugeuza meno kuwa ya kahawia."

"Hapana, maji hayahusiki." Alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Tatizo ni kwamba chokaa yenyewe iko pembeni. Ingekuwa katikati, au ingejaa kote, ningekupa mkono uende ukapike. Ikikaa pembeni namna hii, nikikuambia hapana nitakuwa nakudanganya, na nikikuambia ndiyo nitakuwa nakudanganya."

Akaeleza kwamba ameshaongea na daktari wa upasuaji wa Moshi. Nilazwe Jumatatu. Watafungua kifua, watakitoa, watakipima. Alisema watu wengi hupona vizuri. Mimi nimepasua vifua vya kuku maisha yangu yote, najua kufungua kifua ni kufanya nini. Nilishika ukingo wa kiti.

"Njia nyingine hakuna, daktari?" Ndesanjo aliuliza.

"Labda kungekuwa na picha ya zamani. Kama kinundu hiki kilikuwepo miaka miwili mitatu nyuma, kikiwa na ukubwa huu huu, basi si saratani. Saratani haiwezi kukaa miaka mitatu imetulia tu."

"Ninayo!" Nilipiga kelele mpaka mtu wa mapokezi akachungulia. "Daktari, picha ya zamani ninayo! Mwaka wa tisini na tano niliteleza na ndoo ya ndizi, nikavunjika ubavu, nikapigwa picha. Walinipa filamu nikae nayo mwenyewe. Baba Jackline, si unaikumbuka?"

Ndesanjo rangi ilikuwa imemtoka. Nikadhani ni furaha, kila mtu na namna yake.

"Naikumbuka," alisema.

"Ileteni kabla ya Jumatatu," daktari alisema. "Hata ikiwa imechakaa. Ileteni kama ilivyo."

Tulifika nyumbani mchana, nikaingia chumbani bila kuvua viatu. Nilianza na juu ya kabati, nikaja chini ya kitanda, nikafungua sanduku la bati tunaloweka vitu vya maana. Sanduku lile lilinyeshewa na Elnino, paa lilipovuja usiku kucha. Picha zetu za harusi ziligandana zikawa kitu kimoja, na cheti cha ubatizo cha Jackline kilikuwa kimeota ukungu wa kijani. Nilitoa vitu vyote nikavimwaga sakafuni. Filamu hakuna. Ndesanjo naye alikuwa akitafuta. Aliinua godoro, akachungulia nyuma ya meza, akapanda kwenye stuli akapapasa hata juu ya boriti ambako hakuna mtu aliyewahi kuweka kitu. Alitafuta kwa bidii kuliko mimi.

"Labda iliondoka na mvua," alisema mwishoni. Hakuniangalia.

Nilikaa sakafuni katikati ya vitu vyetu. Jackline alikuwa shule ya bweni, na likizo ilikuwa inakuja. Nikawaza nani atampokea stendi. Nikawaza Ndesanjo, ambaye hajui hata chumvi inakaa wapi, akimpikia mtoto wangu. Nikalia kwa sauti, na mume wangu akatoka nje akasimama uani, ameupa mlango mgongo.

Siku mbili zilizofuata alikuwa anaondoka mapema na kurudi amechoka, mikono inanuka petroli. Nikimuuliza, anajibu ana kazi. Hilo liliniuma kuliko kinundu. Mke wako analazwa Jumatatu, wewe umekazana na kazi! Nikajisemea kwamba wanaume wengine hivyo ndivyo, mgonjwa bado anatembea wao wameshaanza kuzoea kutokuwa naye. Na mimi nikaamua kumwonyesha kwamba ninaweza kuogopa peke yangu. Nikaenda bandani kwangu kama kawaida, nikawasha moto, nikamenya ndizi.

Alhamisi karibu na saa za chakula akaja Eliamini. Huyu ni Mmeru wa Poli, fundi wa maandishi mwenzake Ndesanjo, wanatumia kibanda kimoja Ngarenaro. Alikuwa na kazi ya kuandika lori kwa mafundi wa hapo jirani, akaja kula.

"Pole na kuugua, shemeji," alisema akivuta benchi. "Usiwe na wasiwasi. Ndesanjo ameshaifuata Lemara. Kama Dismasi ameshairudishiwa, leo mnayo mkononi."

Upawa wangu ukasimama hewani.

"Amefuata nini?"

"Si ile filamu." Akaniangalia, na nikaona anatambua, polepole, kwamba ameingia shamba lisilo lake. "Shemeji, kwani hakukwambia?"

"Niambie wewe."

"Mimi ninywe tu mtori wangu."

"Eliamini, mtori huuonji mpaka uniambie filamu yangu imefikaje Lemara."

Akanieleza akiangalia sahani tupu. Mafundi wa maandishi, na hili nililijua ila sikuwahi kuliwaza, hukata herufi zao kwenye filamu za eksirei. Ndiyo stensili bora, kiolezo cha kupakia rangi: hailoweki rangi, haivunjiki, wembe unapita kama kwenye siagi. Huzinunua za zamani kwa watu. Siku moja, mwaka ule ule wa ubavu wangu, kulikuwa na kazi ya haraka na hakukuwa na filamu kibandani. Ndesanjo alikuja nyumbani akachukua yangu. Ubavu si ulikuwa umeshapona? Akaikata, akamkabidhi mteja aliyekuwa anasubiri. Mteja huyo ni Dismasi.

"Dismasi yupi?" niliuliza, ingawa nilimjua. Lemara kuna Dismasi mmoja tu mwenye kibao cha biashara. Ni seremala wa majeneza na misalaba.

Nilimwachia Eliamini upawa na banda lote, nikamwambia awapakulie wenzake na asijipunje. Fundi mmoja alikuwa anajaribu breki za pikapu aliyotoka kuitengeneza. Nilipanda mbele nikamwambia anipeleke Lemara, na sikuuliza kama breki zimepona.

Njiani hasira ilikuwa inanichemka mpaka hofu ikakosa nafasi, na nikasema asante hata kwa hilo. Alikuwa anatafuta pamoja nami! Alipanda stuli akapapasa boriti, anatafuta kitu anachojua yeye mwenyewe alikichukua! Niliyapanga maneno ya kumwambia, ya Kiswahili na ya Kichaga, makali mbele na yasiyosemeka nyuma.

Majeneza ya Dismasi yalikuwa yamesimamishwa ukutani, makubwa kwa madogo, yananuka mbao mbichi na vanishi. Ndesanjo alikuwa amekaa kwenye kigogo, kitambaa mkononi, chupa ya petroli miguuni. Mapajani alikuwa na kitu cheusi kilichotapakaa rangi. Aliponiona alijaribu kukifunika na mikono yote miwili.

"Toa mikono," nilisema.

Akatoa. Rangi ilikuwa imeganda tabaka juu ya tabaka, lakini herufi zilikuwa wazi, zimekatwa safi kama anavyokata yeye, mistari miwili kutoka bega hadi bega la kifua changu: APUMZIKE KWA AMANI.

Maneno niliyokuwa nimeyapanga yalinipotea. Nilitafuta mahali pa kukaa, nikakalia kitu kilicholazwa hapo, nikatambua ni jeneza nikasimama tena.

"Kumbe mimi ndiye ninayewapumzisha watu wa Arusha," nikasema.

"Ningekwambiaje?" Ndesanjo aliuliza. "Daktari anasema lete picha. Nikwambie picha yako nimeiandikia misalaba? Na Jumatatu unapasuliwa? Nilisema niipate kwanza. Jana na juzi nimezunguka makaburi na mafundi wote, Dismasi alikuwa ameiazimisha, imerudi leo."

Dismasi, mtu mnene mwenye penseli sikioni, alikuwa amerudi nyuma kutupisha. Sasa akakohoa.

"Mama, samahani kuingilia. Usimkasirikie sana. Huyu tangu mrudi kutoka Nairobi hajaniandikia msalaba hata mmoja. Nimemwita mara kadhaa. Anakuja, anashika brashi, mkono unamtetemeka, anaondoka. Nilidhani ni malaria."

Nilimwangalia Ndesanjo. Na mimi nilikuwa nimejiambia amekazana na kazi.

"Picha ipo?" nikamuuliza. "Au uliisafisha kwa jiki?"

Maana hicho ndicho wanachofanya. Huloweka filamu kwenye jiki mpaka weusi wote utoke, ibaki kama kioo, ndipo wakate.

"Sikuisafisha. Kulikuwa na haraka, watu wa marehemu walikuwa wanasubiri." Akainua filamu kuelekea mlangoni. Pale alipokuwa ameshafuta, nyuma ya mabaki ya rangi na uchafu, niliona ubavu wangu. "Nimetoa rangi taratibu. Nimeacha hapa. Hapa naogopa."

Alinionyesha kwa ncha ya kidole bila kugusa. Ilikuwa herufi ya pili, P. Ukikata P kwenye stensili, tumbo lake la ndani hubaki kipande kidogo kinachoning'inia, kinashikiliwa na vidaraja viwili vyembamba ili kisidondoke. Kidaraja kimoja kilikuwa kimekatika. Tumbo lile la P, dogo kama ukucha wa kidole gumba, limefunikwa na rangi nyeusi iliyokauka, lilikuwa limeshikwa na uzi wa filamu. Na lilikuwa juu ya pafu la kulia, ambalo kwenye picha huonekana kushoto, pale pale aliposimamisha kalamu daktari. Kingine chochote pale jirani kilikuwa kimekatwa na wembe wa mume wangu na kutupwa.

"Futa," nilimwambia.

"Mkono wangu huu?"

"Ndiyo huo huo. Mimi nitakishikilia."

Nilipiga magoti kwenye maranda, nikakiweka kidole changu nyuma ya kile kipande. Akalowesha ncha ya kitambaa, akagusa, akasubiri rangi ilainike, akagusa tena. Nilijikuta nimebana pumzi. Kikohozi kikaja, kama kilivyokuja kwenye mashine, nikakizuia mpaka uso ukavimba, na Ndesanjo akainua kitambaa akangoja nikohoe pembeni, nikarudisha kidole. Rangi ilitoka nyembamba, kama masizi. Chini yake palikuwa na kijivu, na ndani ya kijivu kulikuwa na weupe, lakini kama ni kinundu au ni mkwaruzo wa miaka yote ile, hakuna aliyejua kati yetu.

Dismasi alitupatia mbao mbili nyembamba tukaibana filamu katikati, nikaifunga na khanga yangu.

"Nawaombeni jioni irudi," alisema. "Kuna mama wa hapa Lemara anazikwa kesho. Ndugu zake wanakuja kuchukua msalaba."

Daktari Irine aliifungua khanga. Alisoma, nikaona midomo yake inapita kwenye maneno, halafu akatuangalia mmoja mmoja kama anayetaka kujua nani kati yetu amerukwa na akili.

"Ulisema ileteni kama ilivyo," nilimwambia.

Aliibandika kwenye kibao. Taa ilipita kwenye herufi ikatuchoma macho, APUMZIKE ikawaka chumba kizima. Ikabidi azibe herufi kwa karatasi, moja moja, mpaka mwanga ukabaki ule wa kifua tu. Akabandika kando yake eksirei mpya, na kando yake ile filamu ya Nairobi. Akachukua rula. Akainama mpaka pua ikakaribia tumbo la P.

Sijui alikaa hivyo kwa muda gani. Nilikuwa naangalia kisogo chake. Nilijaribu kusali nikashindwa kupita maneno ya mwanzo. Ndesanjo alikuwa amenishika mkono. Daktari alipima ya zamani, akapima mpya, akarudi kwenye ya zamani, akachukua lenzi. Alivua miwani akaifuta. Nikataka kumpiga.

"Ni kile kile," alisema.

"Daktari, sema vizuri."

"Kinundu kilikuwepo mwaka wa tisini na tano, mama, mahali hapo hapo, ukubwa huo huo. Hakijaongezeka hata kidogo. Sitiskani imetuonyesha kingo laini na chokaa ndani, na hii imetupa umri wake. Hilo ni kovu. Si saratani."

"Rudia."

"Si saratani, mama Jackline. Hupasuliwi. Nampigia simu daktari wa Moshi sasa hivi. Kikohozi chako nadhani ni moshi wa kuni, na hicho tutakitibu. Mwakani tutapiga picha nyingine, tuhakikishe tu."

Nililia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, bila aibu, na yule mtu wa mapokezi akachungulia tena. Ndesanjo alikuwa ananipapasa mgongo na kusema kitu, na nilipotulia nikamsikia.

"Lakini ona, mama Jackline. Ningeiacha sandukuni, ingeoza na Elnino."

"Nyamaza," nilimwambia. "Hayo utaniambia mwakani."

Daktari hakutaka kuturudishia ile filamu. Aliitia kwenye bahasha, akaandika jina langu, akasema haitoki pale kamwe. Ndesanjo akamweleza kwamba ni ya Dismasi na inatakiwa jioni. Daktari hakumwelewa, na mimi nikamvuta mume wangu kwa shati tukaondoka.

Tulirudi Lemara kwa miguu ili kumwambia Dismasi wa watu. Nilikuwa natembea haraka, natembea kama msichana. Mlima Meru ulikuwa umejifunua wote na nikamwambia Ndesanjo autazame, kana kwamba mimi ndiye niliyeuweka pale. Nilisalimia watu nisiowajua. Kwenye kona ya kwa Dismasi kulikuwa na bango la saluni, na Ndesanjo, mwenyewe bila kuulizwa, akasema ile R ina goti bovu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Bado nilikuwa nacheka tulipoingia.

Ndugu za marehemu walikuwa wameshafika. Walikuwa wanawake wawili, wamekaa kwenye benchi, khanga zimefungwa kiunoni, macho yamevimba. Mbele yao msalaba ulikuwa umelazwa juu ya meza, umepakwa rangi nyeupe, haujaandikwa kitu. Nilifunga mdomo. Furaha niliyokuja nayo sikujua niiweke wapi, nikabaki nimesimama nayo mlangoni kama mtu aliyeleta mzigo nyumba isiyo yake.

"Poleni sana," nilisema.

"Tumeshapoa," mkubwa alijibu. "Alikuwa mdogo wetu. Kifua. Walisema TB, walisema nimonia, mpaka wanajua ni nini ilikuwa imeshaenea."

Ndesanjo alimnong'oneza Dismasi kwamba stensili haitarudi. Dismasi akaniangalia, akaelewa, akanishika bega. "Aika," alisema polepole, akishukuru kwa niaba yangu, halafu akaenda kuleta brashi na kopo la rangi nyeusi. Itabidi iandikwe kwa mkono.

Ndesanjo alipiga mistari ya penseli. Alichovya brashi, akaipangusa kwenye ukingo wa kopo. Nilikuwa naangalia mkono wake tu. Ulikuwa umetulia. Aliandika APUMZIKE bila stensili yoyote, herufi baada ya herufi, na alipofika kwenye P hakusita. Aliuliza jina. Dada mkubwa akamwambia Violet. Akaandika. Akashuka chini.

"Kuzaliwa?"

"Hamsini na tisa," dada alisema.

Ni mwaka wangu. Brashi ilisimama juu ya mbao. Ndesanjo aliinua uso akaniangalia, na mkono ukaanza kutetemeka upya, tone la rangi likakusanyika kwenye ncha. Wale dada walikuwa wanamwangalia yeye, hawakujua kuna nini. Nilizunguka meza nikaenda upande wa pili, nikaushika msalaba kwa mikono miwili usitikisike.

"Andika, baba Jackline," nilimwambia. "Dada zake wanasubiri."